Ukuta Mmoja, Milango Miwili

Nyumba ninayokaa ni yangu kwa karatasi tu. Halmashauri inanitambua, majirani wananiita mama mwenye nyumba, na kufuli ya mlango niliinunua mwenyewe. Lakini hapa mteremkoni hakuna asiyejua kwamba nyumba hii ilikuwa iwe ya Pelagia, mwenyekiti wetu, aliyetukokota sote mpaka tukajenga. Sisi tumehamia. Yeye bado amepanga chumba kimoja nyuma ya soko la Kasulu. Jambo hili linaniudhi, na mimi si mtu wa kuudhika kimyakimya, kwa hiyo nitalieleza lilivyokuwa.

Naitwa Kuruthumu, wengi wananiita Mama Asma, nauza dagaa. Baba yangu alikuja Kasulu kutoka Ujiji na magunia ya chumvi, akaoa, akabaki, ndiyo maana Kiha changu watu wanakicheka mpaka leo. Pelagia nilimkuta kwenye nyumba za kupanga. Vyumba vilitazamana, bafu lilikuwa moja, choo kimoja, na usipowahi foleni ya alfajiri unakwenda kwenye shughuli zako hujaoga. Mji ulikuwa unajaa. Walimu wapya, vijana wa bodaboda, watu waliochoka na jembe, wote walitaka chumba, na wenye nyumba walipandisha kodi kila walipoona lori limeshusha godoro.

Pelagia, au Mama Uwimana kama tunavyomwita kwa jina la bintiye, alikuwa mpangaji wa siku nyingi kuliko sote. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa Nyabibuye, akakulia Kagerankanda kwenye mashamba ya mihogo. Uraia aliupata akiwa mtu mzima, na siku hiyo, anasema, alilia barabarani bila aibu. Ameolewa, amefiwa, amelala chini ya nyasi, chini ya turubai, chini ya bati la watu. Paa ambalo hakuna mtu wa kumwambia kesho uondoke hakuwahi kulala chini yake. Hilo ndilo alilolitaka, na hakulificha.

"Mama Asma," aliniambia siku moja tukisubiri zamu ya bafu, "nataka nifie kwangu. Si lazima iwe nyumba kubwa. Nataka tu nikiumwa, mwenye nyumba asije kunigongea mlango."

Kamati yetu ya kujenga ilizaliwa kwenye foleni hiyo ya bafu. Mtu mzima aliyejifunga khanga, kashika sabuni, hana mahali pa kwenda, basi anasikiliza. Pelagia alitushika mmoja mmoja. Alikwenda ofisi za halmashauri mpaka walinzi wakawa wanamsalimia kwa jina. Mara faili halijaonekana, mara mhusika yuko safarini, mara aje wiki ijayo. Alikuwa akirudi amechoka, anavua viatu, anacheka, kisha Jumatatu anavivaa tena. Mwishowe tukapewa mteremko wa nyuma ya shamba la mikaratusi, mhandisi wa kutusimamia, na mkopo nafuu wa saruji na bati. Matofali na nguvu vilikuwa juu yetu.

Matofali aliyajua. Ujanani aliwahi kuishi Kibondo, akawa anapika kwa mafundi waliokuwa wakichoma tofali, na kazi akaichukua kwa macho. Kila Jumamosi tulishuka bondeni, tukakanyaga udongo, tukafyatua, tukapanga tanuri, tukachoma. Mwenye mgongo mbovu alileta uji. Hakuna aliyesamehewa, hata Salumu mwenye duka la misumari na rangi, ambaye alikuja siku ya kwanza amevaa shati jeupe. Pelagia alimtazama kuanzia kola mpaka viatu, akampa chepe.

Mkwe wa Pelagia naye alikuwemo. Manirambona, mume wa Uwimana, ni fundi baiskeli, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, naye, mkewe na watoto wao walikuwa wamejazana kwenye chumba cha mtaa wa pili. Alijiandikisha mwenyewe kama mwanachama. Na hapa lazima nieleze kitu, maana msomaji wa mbali hawezi kuelewa yaliyofuata. Kwa watu hawa, Waha na wenzao wa Burundi, mkwe wa kiume na mama wa mke wanaheshimiana mpaka mimi kichwa kinaniuma. Mkwe hali chakula mbele yake. Hakai alipokaa. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kwenye majani. Kwetu Ujiji mkwe ni mkwe, lakini wali tunakula pamoja. Pale tanurini Pelagia akiwa upande wa kushoto, Manirambona utamkuta kulia. Pelagia akitaka kumwagiza kitu, ananiambia mimi.

"Mama Asma, mwambie yule kijana zile tofali za chini bado mbichi."

Na yule kijana amesimama hapo hapo, anasikia kila neno. Namgeukia, nasema, "Tofali za chini bado mbichi." Naye ananijibu, "Ego, mwambie mabukwe nimesikia," yaani ndiyo, mama mkwe aambiwe amesikia. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Siku hizi sicheki.

Sasa habari ya ukuta. Mhandisi wetu, Pasikali, alichora nyumba za kujitegemea, kila moja na choo chake. Zilikuwa nzuri, lakini tulipozipigia hesabu, karibu theluthi ya wanachama wangebaki nje. Ni Pelagia aliyesema zijengwe mbili mbili. Ukuta mmoja katikati, milango miwili, vyumba vya kulala vimeegemea ukuta huo kila upande, na nyuma choo kimoja, bafu moja na kibaraza kimoja cha kupikia kwa nyumba zote mbili.

Pasikali hakuwa mjinga. Aliweka kalamu chini. "Mama mwenyekiti, kuchangia choo kuna maneno. Mtachukuliana?"

"Tunachangia choo kimoja watu wa vyumba kumi na moja," Pelagia akamjibu. "Jirani ni jirani. Nani hapa hajui kuishi na jirani?"

Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Watu wale wote wa Heru, wa Kagerankanda, wa Kasanda, waliozaliwa kwenye boma lenye uzio wake na njia yake, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba jirani wa ukuta anaweza kuwa mkwe. Vijijini kwao haiwezekani. Mkwe anakaa ng'ambo ya kijito, au kilima cha pili, na ukimwendea unatuma habari kwanza. Heshima yao ilikuwa imejengwa juu ya nafasi, na nafasi ndiyo tuliyokuwa tunaipunguza ili watu watoshe. Pasikali alikunja karatasi, akaenda kuchora upya.

Nyumba zikapanda. Msingi wa mawe, tofali zetu nyekundu, kenchi za paa, bati. Siku bati la kwanza lilipogongwa misumari, Pelagia alikaa chini kabisa ardhini, akafunika uso kwa khanga. Niliketi pembeni yake, nikamwacha.

Ikaja siku ya kugawa. Pelagia alikuwa na msimamo wake kuhusu kugawa, na ulitokana na donda. Huko Kibondo, enzi zake za kuuza ndizi, kikundi chao cha akina mama kilipata vizimba vya biashara, wakagawana kwa kura, wakaruhusiana kubadilishana kwa wenye shida. Kila mwenye kubadilisha alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli: huyu mgonjwa, huyu ana mtoto mchanga, yule amefiwa. Haukupita muda vizimba vya mbele vyote vikawa vya watu watatu wenye nguvu, na akina mama wakauzia chini, kwenye matope. Pelagia alikuwa mmoja wa waliokaa matopeni.

Kwa hiyo alisimama mbele yetu sote, na ndoo ya plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na vizibo vya soda, kila kimoja kina namba ya nyumba na upande wake, vimeandikwa kwa rangi ya kucha, na vichache vitupu, kwa kuwa tulikuwa wengi kidogo kuliko milango.

"Kizibo ulichoshika ndicho chako," alisema. "Hakuna kubadilishana, hakuna kuuziana. Usipoitaka nyumba yako, rudisha kizibo ndooni, waliokosa wavute tena. Ni hivyo kwenu, ni hivyo kwangu. Mnakubali?"

"Tunakubali!"

"Sijasikia."

"Tunakubali!"

Salumu alivuta nyumba ya juu kabisa kwenye mteremko, akanuna, kwa maana alitaka ya barabarani afungue duka. Manirambona akavuta tisa, upande wa jua linakochomoza, Uwimana akapiga kigelegele. Mimi nikavuta kizibo kitupu. Sitadanganya, nilisikia uchungu, nikajifanya natafuta kitu mkobani. Pelagia alivuta mwisho, kama ilivyompasa mwenyekiti. Akageuza kizibo kiganjani, akakitazama. Nikachungulia. Tisa, upande wa jua linakozama.

Kelele zikafa. Waha wote pale walielewa papo hapo. Mimi ilinichukua muda, mpaka nilipomwona Manirambona amevua kofia, anatazama miguu yake kama mtu aliyeshikwa na wizi. Chumba cha kulala cha mama mkwe kimegusana na chumba cha kulala cha mkwe. Choo kimoja. Asubuhi mmoja anatoka na ndoo yake ya maji, mwingine anaingia.

Mzee mmoja ndiye aliyesema. "Mwenyekiti, hili si jambo la mtu mkaidi. Ni mila. Badilisha na yeyote, hakuna wa kukulaumu."

Watu wakaitikia. Wanne watano waliinua vizibo vyao juu, chukua changu mama, chukua changu. Nami nilisema, kwa sauti yangu yote ya sokoni, "Badilisha, Mama Uwimana, usitucheleweshe!"

Hapo Salumu akanyanyuka. Wengi walimzomea, lakini hakusema kwa ubaya. Alisema mama yake, Bi Zuhra, magoti yameisha, ule mteremko hataupanda, na kama mwenyekiti amepewa ruhusa kwa sababu ya kweli, na yeye anayo sababu ya kweli. Ilikuwa kweli. Sote tulimjua Bi Zuhra na fimbo yake. Mwanamke mwingine akasema mwanawe ana kifafa, anaogopa nyumba iliyo karibu na korongo. Nayo ilikuwa kweli. Mwingine akaanza, na mwingine. Pelagia alikuwa amesimama katikati, anasikiliza, na niliona anachokiona: vizimba vya Kibondo, na wanawake wamekaa chini.

"Nipeni mpaka Jumapili," akasema.

Siku hizo zilikuwa mbaya. Uwimana alikuja chumbani kwa mama yake, nami nilikuwepo, nachambua dagaa. Alipiga magoti.

"Mama, badilisha. Nakuomba. Ni kizibo tu."

"Nikibadilisha mimi, Salumu atabadilisha. Akibadilisha Salumu, yule wa korongo atabadilisha. Mwaka ujao Salumu atakuwa na milango mitatu ya barabarani, na wewe utaniuliza nilikuwa wapi."

"Basi tuhamie hivyo hivyo. Tutatundika pazia. Tutainua ukuta mpaka batini."

"Na choo, utakiinua mpaka wapi?" Pelagia alisema kwa upole. "Mumeo atakuwa anakwenda vichakani kama mwizi, kwa kunionea haya. Nami hivyo hivyo. Hiyo si nyumba."

Uwimana akasema lile nililoliogopa. "Kwa hiyo turudishe sisi? Na watoto?"

"Sijasema hivyo."

"Unasema nini basi? Ukirudisha wewe, watu watasema Manirambona amemtoa mabukwe wake nje ya nyumba. Mume wangu ataweka wapi uso wake? Umefikiri hilo, Mama? Au umefikiri kanuni yako tu?"

Nilitaka kumjibia Pelagia, kinywa changu kilikuwa wazi kabisa, lakini nimtetee nani? Mtoto alikuwa na haki. Mama naye alikuwa na haki. Nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia, nikawakasirikia dagaa.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Ukuta ulikuwa wazo lako."

"Ulikuwa wangu," akasema.

"Umejuta?"

Alifikiri. "Bila ule ukuta wangekosa watu tisa. Nimewahesabu kwa sura." Kisha akalia, si kama siku ya bati. Alilia vibaya, kwa sauti, mdomo wazi, akanishika mkono akaniumiza. "Lakini nilikuwa naitaka, Kuruthumu. Nilikuwa naitaka mno." Ni siku pekee aliyoniita kwa jina langu.

Jumapili alirudisha kizibo ndooni. Hakuhutubia. Aliita waliokosa tuvute tena. Niliingiza mkono wangu ndani ya ile ndoo huku nikijiambia kisiwe changu, jamani kisiwe changu, na wakati huo huo nikiomba kiwe. Kikawa changu. Salumu akapanda na mama yake kwenye ile nyumba ya juu. Alimbeba mgongoni siku ya kuhamia, na anambeba mpaka leo kila akishuka hospitali. Hakuna aliyebadilishana. Watu wa miji mingine wanakuja kuangalia mteremko wetu, wanapiga picha, wanauliza tumefanyaje mpaka walioanza ndio wale wale wanaokaa. Wanaonyeshwa choo, kenchi, matofali. Mara moja walitaka kupiga picha ya mwenyekiti mbele ya nyumba yake, ikabidi Pasikali awaambie wapige mbele ya tanuri.

Na maneno ya Uwimana yakatimia. Sokoni walisema Manirambona amemfukuza mama mkwe. Vijana walimtania pale anapotengeneza baiskeli, mwenye nyumba wa kupora. Alihamisha karakana yake mpaka karibu na stendi, ambako hajulikani sana. Uwimana alikatazwa na hasira yake mwenyewe kumwalika mama yake, na mama, kwa mila zao, haingii kwenye nyumba ya mkwe asipoalikwa. Milango yetu miwili iko hatua chache tu. Pelagia hajawahi kuuvuka ule wa bintiye.

Kwangu anakuja. Kila Jumapili baada ya misa anapanda mteremko, ananiletea ndizi au kipande cha sabuni, na mimi namwekea kiti. Mwanzoni nilikiweka sebuleni, kama kwa mgeni. Yeye akauliza kama anaweza kukaa chumbani. Nikajifanya sielewi, nikamwacha aingie. Anaketi kwenye kitanda changu, bega lake limegusa ukuta.

Ule ukuta hauzuii kitu. Unasikia vijiko. Unasikia mtoto wao wa mwisho, Ininahazwe, anasoma kitabu cha darasa la pili kwa kuimba, neno kwa neno. Siku za mwanzo alikuwa anasomea nje. Siku hizi kila Jumapili anasomea chumbani, karibu kabisa na ukuta, na akikosea sauti ya Uwimana inamwambia, "Soma kwa nguvu. Soma tena." Pelagia anatabasamu, midomo inafuata maneno. Nimemwambia, nitamwita Uwimana, nitapaza sauti tu hapa hapa, yamalizike. Akanikataza kwa mkono. "Aniite yeye," alisema.

Nami nakaa hapo mlangoni pa chumba changu, kwenye nyumba ya mtu, namtazama mwenyewe akiwa mgeni wa ukuta wake. Wakati mwingine nataka kumwambia arudi, mimi nitarudisha kizibo. Nimewahi kumwambia. Akaniuliza, "Utakirudisha kwa nani? Na mle upande wa pili atakuwa nani?" Nikaona aibu.

Jua likianza kulala juu ya mikaratusi, Manirambona hurudi kutoka stendi. Anajua kwamba Jumapili mabukwe wake yuko kwangu. Kabla hajafika uani anasimama chini pale kwenye njia, kofia mkononi, anakohoa kwa nguvu mara mbili, halafu anageuza uso upande wa bonde na kusubiri. Anafanya hivyo kwa heshima, ili mama apate nafasi ya kutoka kabla yeye hajaingia. Pelagia akikisikia kile kikohozi, hata mtoto awe katikati ya neno, anainuka, anajifunga khanga yake, ananiaga, anatoka.